Ile Saa Kumi Uliyomwambia Mama

Kigoma

Kaka Shabani,

Shikamoo. Natanguliza shikamoo kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, na Mama hakutulea tusahau adabu hata tukiwa na hasira. Mko salama hapo Sofu? Watoto wameacha kukohoa? Mimi nimejifungua salama, mtoto wa kike, ananyonya vizuri na analia kwa sauti ya ukoo wetu. Baada ya hayo, kaka, nimekukasirikia, na naomba usome mpaka mwisho.

Unajua huu ni uzazi wangu wa kwanza. Unajua kwetu Mzenga binti akijifungua hukandwa na mama yake kwa maji ya moto, akapikiwa uji wa pilipili manga, akatulia ndani mpaka arobaini iishe. Mimi nakandwa na jirani, mama mmoja wa Ujiji, Mungu ambariki, ana mikono mizito kama anafua mablanketi. Mume wangu yuko safarini na lori. Nauma meno na kujiuliza mama yangu nimemkosea nini.

Tiketi ya ndege nilimtumia, akasema haji. Nikampigia. Akaniambia huku ni mbali mno, mgongo wake hautaweza, saa kumi angani si mchezo. Nikamuuliza nani kamwambia saa kumi.

"Kaka yako," akasema. "Si ndiye aliyenisomea tiketi?"

Kaka, ndege inaondoka Dar saa nane mchana, inatua Kigoma saa kumi jioni. Ni mwendo wa saa mbili tu. Wewe ukitoka Sofu kwenda kumwona mjomba Mzenga siku ya mvua, unakaa njiani zaidi ya hapo. Ulimsomea kwamba inafika saa kumi, yeye akasikia safari ya saa kumi, ukamwona anaogopa, ukanyamaza. Usiniambie hukusema uongo. Uongo ulikuja wenyewe, wewe ukaupa kiti.

Na sababu naijua. Wifi anashinda dukani, msichana wa kazi ameondoka, na Mama hapo kwenu amegeuka yaya wa bure. Nilipokuuliza ukanijibu kwamba kilomita zaidi ya elfu si za kumsafirisha mtu mzima. Lakini mtu mzima huyo kumbeba mwanao mgongoni toka asubuhi anaweza. Wifi alipojifungua, Mama alitoka Mzenga siku ileile, akakaa kwenu arobaini nzima. Kumbe mgongo wake unauma kwangu tu. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako haikufika hata saa mbili.

Jana nilimweleza Mama mwenyewe, polepole. Akasema, "Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa karibu hivyo, na mimi nikakuacha ukandwe na mtu baki?"

Nikalia. Na yeye alilia, kaka, mbele ya watoto wako.

Tiketi nimeibadilisha, ni Alhamisi, na arobaini yangu bado. Umpeleke uwanjani wewe mwenyewe, usimpakie bodaboda. Msalimie wifi, mwambie sina ugomvi naye. Wasalimie mjomba wa Mzenga na shangazi yetu wa Gwata, waambie mtoto amefanana na upande wetu.

Mama usimpe salamu zangu. Nipe Mama, nitamsalimia mwenyewe.

Mdogo wako,
Zaituni