Mashine Hii Ilikuwa na Diski Mbili

Mutsamudu, Nzwani
Jumatano, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako vipi? Umekwenda kuchuliwa kama ulivyoniahidi, au umelipaka mafuta ya mkarafuu na kumwachia Mungu? Na yule paka wa jirani bado anakuja kuzaa ndani ya kabati lako? Nasoma barua zako hata mara tatu, na kila mara husemi habari zako, unasema za paka. Mimi mwili wangu mzima, nakula na nalala. Moyo usiniulize, nitakueleza mwenyewe.

Utashangaa kuona nimeandika Mutsamudu badala ya Moroni. Nangoja meli ya mizigo inilete Unguja. Ndiyo mama, narudi, na sirudi kwa likizo. Nimefukuzwa katika nchi ya Baba. Barua hii nampa bibi mmoja muuza vitambaa anayepanda ndege kesho, kwa sababu nataka habari ifike kabla ya uso wangu. Sitaki uniulize mlangoni mbele ya majirani.

Siku ile naondoka ulinishika mkono ukaniambia: "Rukia, baba mmoja si tumbo moja. Usiende huko na hesabu za huku." Nikacheka. Nilisema Kaka Saidi ni mtoto wa Baba kama mimi, pua zetu ni moja, basi yamekwisha. Na kweli alinipokea vizuri. Alinitafutia kazi katika ofisi yao ya uwakala wa meli pale Moroni, akanikabidhi kompyuta maana hakuna mwingine aliyeijua, akanisimamia nipate karatasi za uraia. Kila Ijumaa alikuja kijijini Ikoni, nyumbani kwa Shangazi nilikokaa, na mfuko wa maembe. Nikimwamkia "kwezi" kama wanavyoamkia wakubwa huku, ananijibu "mbona" kwa sauti ya Baba kabisa. Mwanzo nilidhani ananiuliza nimekosa nini.

Sasa sikiliza. Kompyuta yetu ilikuwa na diski mbili ndani. Ya kwanza ina programu, ndiyo inayoiwasha. Ya pili ilikuwa na orodha za shehena zote zinazoshuka bandari ya Mutsamudu. Humo yalikuwamo pia makasha ya wale mamluki weupe wanaotawala huku kwa bunduki, pamoja na vilivyomo hasa, ingawa kwenye hati huandikwa vipuri vya matrekta. Hakuna mtu Ngazidja nzima, kisiwa hiki cha Moroni, aliyewahi kuliona trekta hata moja likitengenezwa. Sote ofisini tulijua, na sote tulipiga chapa "vipuri" bila kuinua macho.

Mwezi uliopita Kaka Saidi akanituma huku Mutsamudu nije nisafishe printa ya tawi letu. Kazi ya saa moja, lakini meli za visiwani unazijua, nikakaa siku tano. Aliyenipokea ni Ahamada, karani wa tawi. Huyu ni mtoto wa mama mdogo wake Saidi, mpole, anavaa shati jeupe kama mwalimu wa chuo. Alinitembeza vichochoro vya mji mkongwe na kuninunulia shiromani yako, ile nguo ya kujitanda ya wanawake wa huku, nyekundu na nyeupe, utaipenda. Lakini mikono yake ilitetemeka hata akimimina chai. Niliuona ubao wa kantini ya wapagazi umebanduliwa karatasi, nikamuuliza ilikuwa tangazo gani. Akasema la mpira.

Niliporudi Moroni nikaikuta kompyuta haiwaki. Kaka Saidi akaniambia, "Diski ya pili iliharibika, ilikuwa inapiga kelele, nimeitoa nikaitupa. Tangu hapo imegoma. Tafadhali dada yangu, ifanye iwake kama vile haikuwa nayo kabisa." Alisema hivyo hivyo, mama, kama vile haikuwa nayo kabisa. Mimi nikafurahi kuitwa dada yangu.

Nikavua viatu nikaanza. Mashine ilikuwa inahesabu kumbukumbu zake, kisha inalalamika kuwa diski haionekani na kusimama hapo hapo. Nikaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, inapoandika viungo vyake, nikakuta bado imeandikwa diski mbili. Nikaifuta ya pili. Malalamiko yakaisha lakini kuwaka haikuwaka. Nikafungua kifuniko. Nyuma ya diski ya kwanza kuna sindano fupi zimevishwa kipande cha plastiki kidogo kama punje ya mchele. Kikikaa upande mmoja, diski inajua iko peke yake. Kikikaa upande wa pili, inajua ina mwenzake, na inamngoja aitike. Saidi alimtoa mwenzake na hakujua habari ya kile kipande. Nikakihamisha kwa kibano changu cha nyusi, ikawaka. Mwisho nikafuta mistari miwili katika faili la kuwashia iliyokuwa bado inaiita ile diski. Sasa hata fundi wa Ufaransa asingejua.

Saidi alishangilia, akaagiza sambusa za ofisi nzima. Nami, kama alivyonifundisha mwalimu wangu wa Dar kwamba fundi asiyeweka jina ni mwizi, nikabandika kikaratasi ndani ya kifuniko: tarehe, "Diski ya pili imeondolewa, mashine imerekebishwa iwake," na jina langu kamili. Saidi alikuwa amesimama nyuma yangu, na sambusa mkononi. Alinitazama nikiandika.

Baada ya wiki akaja afisa mmoja mweupe na askari wawili. Ile karatasi ya kantini ya wapagazi haikuwa ya mpira. Ilikuwa orodha ya vilivyomo ndani ya makasha, risasi ngapi na bunduki gani, na imechapwa kwa printa yenye sindano moja mbovu, kila herufi ina mstari mweupe kiunoni. Printa hiyo ni ya kwetu Moroni. Wakafungua kompyuta, wakakuta nafasi ya diski tupu, na kikaratasi changu.

Nikaitwa ofisini kwa Mkurugenzi. Kifaransa changu unakijua, cha kununulia mkate. Kaka Saidi ndiye aliyewekwa kutafsiri. Nikasema kwa Kiswahili, polepole, "Nilipotoka Mutsamudu niliikuta diski imeshatolewa." Saidi akamgeukia afisa akasema maneno yake. Mama, Kifaransa cha kununulia mkate kinatosha kusikia "ni yeye aliyeitoa." Nikamtazama. Akatazama kalamu yake. Nikasema tena, na yeye akatafsiri tena, uongo uleule, na safari hii sauti haikukwama hata kidogo.

Nikanyamaza. Usinisifu, sikunyamaza kwa wema, nilinyamaza kwa mshangao. Wema ulikuja baadaye kidogo, nilipofikiria nani mwingine angekuwa na ufunguo wa ofisi ile kuchapa karatasi ile. Ahamada alikuja Moroni katikati ya Ramadhani, akalala kwa Saidi. Nikaiona mikono yake inamimina chai. Nikajua nikifungua mdomo nani atachukuliwa.

Wakanipa siku kumi niondoke. Faili langu la uraia Mkurugenzi alilichana mbele yangu, kwa heshima, vipande vinne, akavitia kikapuni kimoja kimoja.

Jioni Saidi alikuja Ikoni. Hakuleta maembe. Akakaa ukingoni mwa mkeka akasema, "Wewe una pasi ya nje, Rukia. Watakurudisha kwenu tu. Ahamada wangemtia ndani, na huko mtu hatoki." Nikamuuliza, "Kwenu ndiyo wapi?" Shangazi ndiye aliyenijibu, kwa upole, huku anachambua mchele: "Mwanangu, huku mtu ni wa tumbo. Mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako hasa. Mtoto wa baba ni mgeni anayependwa." Kisha akalia, maskini, na mchele ukamwagika.

Hapo ndipo nilipolikumbuka neno lako. Na nitakwambia kinachoniuma, mama, si kufukuzwa. Kinachoniuma ni kwamba angeniambia. Angesema tu, "Dada, Ahamada yuko hatarini," diski ile ningeitoa mimi mwenyewe, na kwa usafi zaidi, nisibandike kikaratasi wala kufungua mdomo. Hata lawama ningezibeba, kama ningeombwa. Lakini hakuniona mtu wa kuombwa. Alinifanya bisibisi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi hata nguo niliifua na kuipiga pasi.

Siku ya mwisho Mkurugenzi alitaka nimkabidhi Saidi mashine, nimwonyeshe kuiwasha na kuizima. Tukakaa bega kwa bega bila kutazamana. Adhuhuri ilipoadhiniwa akaenda msikitini. Nikapata robo saa. Nikarudi kwenye ule ukurasa wa mipangilio nikaiandika tena diski ya pili, vipimo vyake vyote, maana nilivijua kwa moyo. Kile kipande cha plastiki sikukigusa, kwa hiyo mashine inafanya kazi. Ila kila ikiwashwa inasimama kwanza, inaandika kuwa diski ya pili haionekani, na haiendelei mpaka mtu abonyeze kitufe kukubali. Kikaratasi cha kwanza waliondoka nacho askari. Nikabandika kingine: "Mashine hii ilikuwa na diski mbili." Nikaweka jina langu.

Sasa niko hapa Mutsamudu siku ya nne, meli bado inapakia karafuu. Jana Ahamada alinifuata nyumbani nilikofikia, na shati lake jeupe. Akaniambia, "Pole dada, Saidi ameniambia uliharibu kitu kazini wakakukasirikia." Mama, hajui kuwa nimefukuzwa kwa karatasi yake! Nilimtazama sana nione kama anaigiza. Hajui. Aliniletea mkeka na karanga za njiani, akanipa na barua kutoka kwa Saidi.

Nikaifungua hapo hapo. Nilidhani, nikuambie kweli, nilidhani ni ya kuomba radhi. Nilikwisha kumsamehe kabla sijafika mstari wa pili. Lakini kaniandikia hivi: mashine kila asubuhi inasimama na kudai diski ya pili, wafanyakazi wameanza kuulizana ilikwenda wapi, tafadhali mweleze Ahamada dawa ya ubovu huu.

Ahamada akaniuliza, "Nimjibu nini?"

Ningeweza kumwambia yote pale pale. Nikamtazama usoni, nikaona atakwenda Moroni kwa hasira, na wataishia wote wawili mikononi mwa wale watu. Nikamwambia, "Mwambie mashine haina ubovu. Imemkumbuka mwenzake."

Nisalimie Bibi, mwambie namletea vanila ya kunukisha chumba. Nisalimie Mjomba, ndugu yako wa tumbo moja, ambaye nilimcheka alipokataa kunisindikiza bandarini. Wasalimie wanafunzi wako wa cherehani. Kaka Saidi hajaagiza salamu, na mimi sikumwagizia. Lakini mama, ukisali mwombee Ahamada.

Nitandikie kitanda changu cha zamani, kile kinacholia.

Ni mimi mwanao, wa tumbo lako,
Rukia