Chupa ya Mvua

Tibirinzi, 4 Mei 1962

Kaka Kificho,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, mama alikohoa siku mbili, sasa anakula.

Mafunzo ya kupima maji yanaendelea. Mwalimu wetu mgeni anasema kila mvua ina uzito wake, na mashine ya Ulaya, itakayopelekewa chupa za mvua tunazokinga, haidanganyiki. Mimi chupa yangu niliisahau wazi, maji yakapungua kwa jua, nikajazia ya kisimani. Jana akaisifu mbele ya wote kwa kujaa.

"Mwalimu, nimechanganya na maji ya kisima," nikasema.

Akawageukia wengine. "Nani mwengine?"

Kaka, walisimama watano, mmoja baada ya mmoja.

Maji yote yakamwagwa. Leo tumepewa chupa mpya, na mawingu hayaonekani. Mafunzo yanakwisha Jumamosi.

Tuombee mvua.

Mdogo wako,
Khairiya