Ndoo Iliyoandikwa Isikorogwe

Begimai mkwe wangu,

Supu iko jikoni, ipashe moto.

Ile ndoo ya maziwa ya farasi iliyo karibu na mlango wa mbele, uliyoibandika karatasi "isikorogwe", ya jaribio la shahada yako ya mtandaoni, imekorogwa. ~~Nadhani ni jirani.~~ Ni mimi. Tangu utoto sijapita penye maziwa yanayochacha bila kuyakoroga. Mkono ulitangulia macho. Mama mkwe wako akanicheka: "Mzee, shule yote ile ya usiku uliyojifunzia kusoma, karatasi moja imekushinda?"

Mwandikie mwalimu ukweli, asikudhanie mzembe: nilikoroga mara kumi na mbili, saa moja asubuhi.

Nilionja pia. Maziwa ya ile ndoo nyingine unayoikoroga yanatekenya ulimi, haya ni makali tu. Kwa nini?

Ukianza upya, nitapitia mlango wa nyuma mpaka umalize.

Baba mkwe