Ulizungumza na Mgongo Wangu

Nekesa mwanangu,

Nimejifungia jikoni na penseli. Baba yako ameenda kulinda ghala, atarudi saa kumi. Wewe ndiye uliyenifundisha hizi herufi, ukiziandika kwenye jivu kwa kijiti, ukinicheka ati g yangu ina tumbo kama la nyapara. Bado ina tumbo. Usicheke sana. Kesho nitaitwa mkekani mbele ya wenzangu wa kanisa, na sina mtu wa kumwambia ila wewe.

Kwanza ujue mtoto wako ni mzima. Najua hilo ndilo ungeuliza hata kabla ya salamu. Ana meno mawili chini. Nywele ni zako, masikio ni ya Kipkoech, makubwa, wacha tu. Anaitwa Cherotich kwa sababu alizaliwa jioni, ng'ombe wakirudi. Nimemshika mara moja. Ni kwa sababu ya hiyo mara moja naitwa kesho. Nikisema neno moja wanalotaka, nitabaki na baba yako na nyumba. Nikikataa, nitampata mtoto wako na kuwakosa wao. Naogopa, Nekesa.

Usidhani mama yako alikuwa mjinga tu. Unamkumbuka baba yako wa zamani? Mshahara ukigeuka pombe ya busaa, na wewe unajificha nyuma ya pipa la maji mpaka alale. Halafu Mtumishi Elkana akaja hapa shambani na Biblia na kigoda chake, akamwekea baba yako mkono kichwani, na baba yako hakunywa tena. Hata mzungu mwenye shamba alifurahi. Alimpa Mtumishi lile banda la zamani la ngano afanye kanisa, kwa kuwa watu wake hawalewi na hawachelewi kazini. Mtu akikurudishia mume wako, utamnyima nini? Mimi sikumnyima kitu. Tukaingia ndani, na ndani zaidi, mpaka tukawa watu wa mkeka, wale wanane wanaokaa naye mkeka mmoja na kula baada yake. Baba yako alibeba kigoda. Mimi nilipika.

Na siku ile ya chai! Nilitia chumvi badala ya sukari, sufuria nzima. Mtumishi akanywa, akafunga macho, akasema, "Chai hii ni tamu." Mzee Silvano akanywa, akasema tamu. Baba yako akasema tamu. Mimi niliyeitia chumvi kwa mkono wangu nikanywa, nikasema tamu, asante Bwana. Ni wewe tu uliyekimbia mlangoni ukatema: "Mama! Si hii ni chumvi!" Mpaka leo sijui kama alikuwa anatupima, au mafua yalikuwa yamemharibia ulimi. Lakini nakumbuka niliyemkasirikia ni wewe.

Basi Mtumishi alipokutaja uolewe na huyo Silvano, aliyefiwa na mke na kubaki na meno matatu, nikasema amina. Wewe ukasema, "Mama, huyo aoe kigoda." Nilicheka ndani ya leso, halafu nikaomba toba. Mwezi haukuisha ukaenda zako kwa Kipkoech, dereva wa trekta, ng'ambo ya reli. Mtumishi akasimama Jumapili akasema Nekesa yuko nje. Sheria ya mkeka unaijua: aliye nje hupewa mgongo. Hasalimiwi, haangaliwi usoni. Ukikutana naye unageuka mpaka apite.

Na wewe hukupita.

Jumamosi ya kwanza nilikuwa mferejini nyuma ya ghala, debe liko chini, nikasikia hatua zako. Nikageukia ukuta. Ukaja ukasimama nyuma yangu karibu hivi, pumzi yako ikanifika shingoni, ukasema, "Haya, mgongo wa mama, hujambo? Nimekuja na habari." Wanawake kwenye foleni wakacheka. Ukaanza kunisimulia. Ati mama mkwe wako anatia mkaa kwenye maziwa, na wewe sasa unayapenda. Ati Kipkoech anakoroma kama trekta yake. Ati umejua kuhesabu kwa lugha yao mpaka saba. Debe likajaa, likafurika, sikuondoka. Jumamosi iliyofuata ukarudi, na nyingine, na nyingine. Nikajiona mwerevu. Nikajiambia Mtumishi alikataza macho, masikio hakuyataja. Nikawa nachagua lile debe linalovuja, ili lichelewe kujaa.

Habari ya mimba uliniambia hivyohivyo, mimi nikiangalia ukuta. Nilibana midomo. Maswali yalikuwa mia: unatapika, unakula udongo, nani anakuchotea maji? Nikainamisha kichwa tu. Ukasema, "Nimekiona hicho kichwa, mama. Asante."

Jumamosi ya mwisho ulikuja ukihema. Ukacheka, ukasema, "Mgongo wa mama, nimenenepa, hata viatu vimenikataa. Kipkoech ananiita andazi. Kichwa tu kinaniuma kidogo, labda ni hili jua." Nilisikia kila neno. Nikafurahi, ati unalishwa vizuri. Sauti yako ilikuwa na kicheko, na sikuwa na kitu kingine cha kuangalia ila ukuta.

Mimi nimezalisha wanawake wa laini hii ya vibarua sijui wangapi. Uso uliovimba kwa ugonjwa, si kwa kunenepa, ninaujua mtu akiwa bado mlangoni. Mwanamke wa hivyo hatumwachi hata apike uji, tunatafuta gari apelekwe hospitali Nakuru siku hiyo. Ningekuona mara moja tu, Nekesa. Shingo tu igeuke, hata miguu ibaki ilipo.

Jumanne Kipkoech akakupakia kwenye trela, mwili unakutetemeka, umeng'ata ulimi. Mtoto akatoka jioni. Wewe hukuiona asubuhi. Nilipoomba ruhusa nije nikuzike, Mtumishi alinishika mkono, tena kwa upole, akasema, "Mama Nekesa, aliye nje huzikwa na walio nje. Pika." Nikapika. Ule ugali haukuiva, katikati ulikuwa unga mtupu. Wakala wote, wakasema Mungu amebariki chakula.

Tangu hapo kila Jumamosi nasimama mferejini na lile debe, uso ukutani. Nangoja mtu aseme mgongo wa mama. Maji yanaingia, maji yanatoka. Hamu yako haikukaa moyoni kama wanavyosema watu. Imenikaa hapa shingoni, pale pumzi yako ilipokuwa ikifika. Upepo ukinipiga hapo nashtuka.

Sasa Jumamosi iliyopita nikasikia hatua. Nzito, za mtu mzee. Alikuwa mama mkwe wako, na Kiswahili chake unakijua. Akasema, "Mama ya Nekesa. Mimi iko na mtoto hapa. Mimi nazeeka, macho inaisha. Huyu mtoto nataka nyanya mbili. Kama wewe hapana geuka leo, mimi hapana rudi tena." Dada Roda, mwenzangu wa mkeka, alikuwa wa tatu nyuma yangu. Nikasikia mtoto amepiga chafya.

Nikageuka. Sijui niliamua saa ngapi. Nilimkuta mtoto ananiangalia kama mtu aliyengoja gari likachelewa. Nikamchukua, akanishika pua. Nikamwangalia, nikamwangalia, mpaka Mama Kipkoech akasema, "Hapana maliza yeye." Roda alikuwa ameshakimbia na debe tupu.

Mtumishi hana hasira, hapo ndipo pagumu. Ametuma neno kwamba nikipiga magoti kesho niseme niliteleza kwenye tope, mwili ukageuka wenyewe, basi yamekwisha. Na mtoto nisimguse tena. Baba yako jana alinishika mikono yote miwili. "Mama Nekesa, neno moja tu. Sema uliteleza. Nani atajua? Ukiniacha peke yangu nitarudi kwa busaa." Anaogopa kweli. Sijawahi kumwona mtu mzima anaogopa hivyo.

Nasikia lango. Naficha karatasi.

Nekesa, nimerudi. Ni siku nyingine, na penseli imechongwa kwa kisu cha Kipkoech, kwa hiyo umeshajua.

Nilipiga magoti. Hilo nilifanya. Mtumishi akauliza, "Kulikuwa na tope?" Nikasema lilikuwepo. Baba yako akashusha pumzi. Akauliza, "Basi uliteleza?" Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Sitakudanganya, ndiyo ilikuwa imefika kwenye meno. Nilimwona baba yako amekumbatia kile kigoda kama mtoto. Lakini kilichotoka ni kingine. Nikasema, "Sikuteleza. Niligeuka. Na kama ningegeuka siku ile nyingine…" Sikumaliza. Walikuwa wameanza kunipa mgongo, mmoja baada ya mwingine, Silvano akihangaika kwa sababu ya magoti yake mabovu. Baba yako alikuwa wa mwisho. Alichelewa, Nekesa. Nataka ujue alichelewa.

Nyumbani ikawa vilevile. Nilifunga leso zangu na sufuria ndogo, yeye amekaa anaangalia ukuta. Nikauambia mgongo wake unga uko wapi, na shati la kazi lina kifungo kimelegea, na asiende kunywa, na huko niendako mlango hauna kufuli. Nikajaribu mzaha kama wewe. Haukutoka. Uliwezaje, mwanangu? Miezi yote ile, jua la saa sita, tumbo mbele, na kila mara ukaja na kicheko? Mgongo haujibu. Niliona tu mabega yanapanda na kushuka. Alisikia. Mimi najua mtu aliyegeuka anasikia kiasi gani.

Niko ng'ambo ya reli. Maziwa ya mkaa sijayazoea, nafumba macho nikimeza, na Mama Kipkoech anagonga goti kwa kunicheka. Kipkoech anakoroma kweli, hukusema uongo. Hazungumzi sana. Alinitengenezea kitanda kwa mbao za sanduku, halafu akanipeleka kwako, kule juu karibu na ua wa mkonge. Nikamwuliza kichwa kiko upande gani. Akanionyesha. Nikazunguka nikakaa upande wa uso wako, nikakaa mpaka mbuzi wakarudi. Nyasi zimeota. Sikuwa na maneno, na wewe umezoea mimi nisipokuwa na maneno.

Nimeshaulizia kwa watu wa ghala. Baba yako anaenda kazini, hajanywa. Kifungo hakijashonwa.

Ahadi yangu ni hii, ndogo. Kila asubuhi, kabla sijawasha moto, nitambeba Cherotich mpaka mlangoni kwenye mwanga nimwangalie uso wote, macho, midomo, na chini ya kidevu. Akikua aone ni kero, namna hiyohiyo. Na siku atakayouliza habari zako, na atauliza maana ulimi ni wako, nitamwambia mimi kabla hajasikia mferejini. Nitamwambia mama yake alikuja kila Jumamosi, na nyanya yake alisikia kila neno na hakugeuka. Sitasema nilikatazwa. Nilikatazwa, lakini shingo ilikuwa yangu. Akinikasirikia mwaka, akinikasirikia miaka kumi, ni haki yake. Chakula chake kitakuwa tayari.

Pumzika, binti yangu. Karatasi imeisha na yeye ameamka, anataka kubebwa.

Mimi mama yako