Nani Alikata Riba ya Mstaafu wa Makole?

Wasomaji wanatangaziwa rasmi kwamba kiti cha mshauri kilivunjika mguu Jumanne, kimepelekwa kwa fundi Kizota, na hadi kitakaporudi majibu yataandikwa kwa kusimama. Tunaomba utulivu. Barua ya leo ni hii. Majina tumeyabadilisha, ingawa waliokuwepo ibadani wataitambua.

*Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nyumba yangu imebaki na mtu mmoja na mtu huyo ni mimi. Nina miaka sitini na moja, nilikuwa bwana mifugo, nimestaafu mwaka juzi Desemba, na mafao ya mkupuo yalipotoka nikaweka milioni thelathini benki, akaunti ya muda maalumu, mwaka mmoja, riba asilimia nane, nikasubiri kama mtu anayesubiri ng'ombe azae, na Februari mwaka huu ilipoiva nikaenda nikitegemea milioni mbili na laki nne, nikakuta laki mbili na arobaini hazipo, na binti wa dirishani akasema tu ni makato ya kawaida, mzee, asilimia kumi, akamwita anayefuata. Ile thelathini nikaiacha iendelee mwaka mwingine.*

*Sasa mshauri, mimi asilimia kumi naijua moja tu. Pensheni yangu ya kila mwezi inaingia nzima, kwa hiyo serikali haina shida na mimi, anayedai kumi ni kanisa peke yake, na kweli tangu nistaafu sijatoa fungu la kumi, kwa sababu nilikuwa nalitoa kwenye mshahara na mshahara haupo. Nikajua mke wangu Dorkasi amepeleka namba ya akaunti yangu kwa Sostenes, mhazini wetu, maana hao wawili ni wa ukoo mmoja. Nikafungua sanduku lake nikakuta risiti za kanisa kumi na mbili, jina langu, namba ya bahasha yangu ya sadaka, elfu kumi na tano kila mwezi kuanzia Machi mwaka jana. Jumlisha, ni laki moja na themanini, na hiyo sitini iliyobaki nadhani ni ya Sostenes.*

*Jumapili nikasimama wakati wa matangazo nikasema yote. Sostenes akajibu, "Mzee wangu, mimi hata hiyo benki sijui iko upande gani," watu wakacheka. Nyumbani Dorkasi hakulia, alifunga karanga zake, maana huwa anakaanga karanga anauza nje ya geti, kabiashara ka kupoteza muda, akasema, "Baba Gladness, dawa yako ya presha iko juu ya kabati. Jina lako nilikutunzia, sasa litunze mwenyewe." Akapanda basi kwenda kwa dada yake Kibaigwa, huu mwezi wa tatu. Na tangu aondoke jina langu limebandikwa mlangoni mwa kanisa kwenye orodha ya wasiotoa, na hapo ndipo naona ushahidi kwamba wameogopa wakaacha kunikata. Je, nianzie polisi au kwa askofu?*

*Mstaafu, Makole*

Shikamoo mzee. Nimeanza na heshima kwa sababu huko mbele itapungua.

Usianzie polisi. Aliyekukata ni serikali, kupitia benki, kwa sheria. Inaitwa kodi ya zuio. Riba ya akiba ya mtu kama wewe, asiye kwenye biashara, hukatwa asilimia kumi kabla haijakufikia, na ikishakatwa imeisha, hudaiwi zaidi kwa riba hiyo. Kwamba pensheni inaingia nzima hakumaanishi riba nayo itaingia nzima. Ni fedha mbili tofauti hata kama zinalala benki moja. Milioni thelathini zako hazikuguswa. Ng'ombe yuko mzima, kilichopunguzwa ni alichozaa.

Sasa tuje kwenye risiti, na hapa ukae chini, kusimama nimesimama mimi. Risiti ya kwanza ni ya Machi mwaka jana. Riba yako imekatwa mara moja tu, Februari mwaka huu. Kanisa lilikuandikiaje risiti miezi kumi na moja kabla ya fedha kuwepo? Kuna mtu alikuwa anatoa elfu kumi na tano kila mwezi kwa jina lako, ili usibandikwe mlangoni. Wewe hukutoa. Sostenes hana sababu ya kukutolea. Hapo nyumbani anabaki nani, mwenye kipato usichokihesabu? Kahesabu ni vikombe vingapi vya karanga kufika elfu kumi na tano, kisha uzidishe mara kumi na mbili. Jina lako limebandikwa sasa kwa sababu mlipaji yuko Kibaigwa.

Kutojua kodi si kosa, wengi hawajui. Lakini ungemwuliza yule binti "makato ya nini?" Miaka yote ya kazi uliuliza ng'ombe amekula nini kabla ya kumchoma sindano. Mkeo ukamchoma kwanza.

Jumatatu nenda benki uombe cheti cha kodi ya zuio, kinachoonyesha kiasi walichokata. Jumapili simama palepale uliposimama, wakati uleule wa matangazo, ukisome kwa sauti, na umwombe Sostenes radhi. Kisha Kibaigwa. Usipige simu, usimtume Gladness. Kanga mpya usibebe. Beba zile risiti kumi na mbili. Usimwambie arudi. Mwambie umejua nani alilipa, halafu unyamaze, jambo ambalo najua litakuwia gumu.

Siwezi kukuahidi kwamba atarudi. Mtu aliyekutunzia jina mwaka mzima bila kusema, akaitwa mwizi mbele ya kwaya, ana haki ya kuuza karanga Kibaigwa mpaka achoke mwenyewe.

Bahasha yako ya mwezi huu uilipe wewe. Na Februari benki itakukata tena asilimia kumi.