Jina la Bi Habiba Kwenye Kompyuta

Baba,

Nakuandikia kutoka Garsen, kwenye meza ya kompyuta ya ofisi yetu ya mradi. Wenzangu wametoka kula. Kesho diski ya kitabu chako inaondoka na basi kwenda kwa wachapishaji Nairobi, na bado kuna jambo moja sijaliamua. Ungekuwepo ningekuuliza.

Huu ni mwezi wa saba tangu tukuzike kule Ngao, na muda wote huo nimekuwa nikichapa madaftari yako ya masimulizi ya wazee. Mafuriko yaliacha tope kwenye majalada, lakini mwandiko unasomeka. Taabu imetokea mwishoni, kwenye orodha ya watu waliokusimulia. Wachapishaji walinipa programu ya kupanga marejeo: unaijazia majina, yenyewe inapanga kwa alfabeti, inaweka nukta na mikato. Nilifurahi. Nilikumbuka ulivyokuwa ukitandaza vikaratasi vya majina yao kitanda kizima, Mama akikosa pa kukaa, nawe ukimwambia, "Ngoja kidogo, Mama Rehema, wazee wangu bado hawajakaa."

Programu hii haijui watu wetu, Baba. Ile barua uliyopewa kule Kipini, ya herufi za Kiarabu, ilitoka alama za kuuliza mstari mzima. Hilo nililiona mapema, nikaacha nafasi ya kuiandika kwa kalamu. Lililoniponyoka ni la Bi Habiba, yule mama wa Kiorma aliyekunywesha maziwa mpaka ukashindwa kuinuka.

Ulimuuliza yeye na kaka yake, Mzee Hassan, habari za malka, njia ya ng'ombe kwenda mtoni inayopita kwenye mashamba yetu Wapokomo. Mzee alisema njia ni ya wafugaji tangu zamani, hakuna wa kuombwa. Bi Habiba akasema baba yao alikuwa akikaa na wakulima kila kiangazi wakakubaliana pa kupita. Uliyaandika yote mawili. "Kila mmoja na lake," uliniambia, "mimi si hakimu."

Nikajaza: Habiba Dade Guyo. Hassan Dade Guyo. Programu inataka kila mtu awe na jina la ukoo, basi ikachukua Guyo, jina la babu yao, na hayo mengine ikayakata yakabaki herufi moja moja. Wote wawili wakawa "Guyo, H. D." Ikadhani ni mtu mmoja, na maneno ya wote wawili yakawa chini ya jina hilo moja. Na mimi sikuona! Nikapeleka nakala kwa wenyewe waisome, kama ulivyotaka.

Mzee Hassan alisomewa na mwanawe. Kesho yake alikuja ofisini, akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Binti ya Mwalimu, haya mimi nilisema lini? Watu wangu watasema nimeuza malka."

Nikamwambia kompyuta imekosea.

"Kompyuta ni mtoto wa nani?"

Unajua hali ya huku. Ng'ombe wakiingia shambani wiki hii, wiki ijayo watu hawasalimiani sokoni. Nilikiona akilini kitabu chako kikishikwa na watu wenye hasira, na jina lako juu yake.

Nilikwenda kwa Bi Habiba kwa miguu. Siku hizi haoni vizuri, alinishika uso kwanza. Nilipomweleza alicheka, halafu akaacha kucheka. "Dade ni baba yangu, alikufa. Guyo mimi sikumwona hata siku moja. Yeye ndiye alisema? Mimi nilisema. Andika Habiba." Nikamuuliza kama hamwogopi kaka yake. "Hassan anajua nilisema. Hataki tu kuambiwa amesema yeye."

Nilirudi nikahangaika na programu siku mbili. Mwishowe nikajaribu kuandika jina zima kwenye sehemu ya ukoo, ile nyingine nikaiacha tupu. Ikakosa pa kukata. Nikarudia kila mtu, Waorma, Wapokomo, watu wa Kipini, mmoja mmoja. Ukurasa mpya nikampelekea Mzee Hassan. Alimwambia mwanawe arudie kuusoma, kisha akasema, "Hii sawa." Lakini ile nakala mbaya haijarudi. Mwanawe anasema jirani aliiazima, na jirani naye amempa mtu. Kila nikisikia sauti zimepanda huko nje, nasimama.

Bado kitu kimoja. Wote niliwauliza wanavyotaka kuandikwa, ila wewe. Kanisani ulikuwa Samueli. Shuleni ulitia sahihi S. Jilo. Bibi alikuita Maro mpaka anakufa, na wewe ulikuwa ukimwitikia haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Nimekaa mbele ya kisanduku cha jina la mwandishi tangu asubuhi. Nikiandika Maro, watu wa kanisa watauliza. Nikiliacha, Bibi je? Baba, hukuniambia. Hatukudhani tungehitaji kuulizana.

Nimeandika Samueli Maro Jilo, lote, bila mkato. Kama nimekosea, lawama ni yangu.

Pumzika, Baba. Nakuahidi: nakala ile nitaifuata nyumba kwa nyumba mpaka niishike, na hakuna jina litakalotoka mikononi mwangu kabla sijamsomea mwenyewe kwa sauti. Lako nimelisoma sasa hivi, peke yangu humu ofisini. Nikangoja kidogo. Halafu nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Binti yako,
Rehema