Kishikizo cha Panga la Tatu

Jumanne, 14 Oktoba
Tishari limeondoka bandari ya Esbjerg saa nne asubuhi, mapanga ya mitambo ya upepo yamelala juu ya sitaha. Panga moja tu ni refu kuliko mtaa wetu! Mdogo wangu Troels yuko kwenye tagi, meli ndogo inayolivuta. Nimempungia mkono, akajifanya hanioni. Mshenzi. Vishikizo vya chuma vinavyobana mapanga tumevichomelea mimi na msimamizi wetu, Preben — yeye upande wa kulia, mimi kushoto. Mgongo hauna hali. Naoga.

Jioni
Nilikuwa namenya viazi, moyo ukanipiga paa. Panga la tatu, kishikizo cha mwisho. Nilikichomelea nukta mbili tu za kukishikiza kwa muda, halafu wakaita kahawa. Nilirudi kukimalizia? Sikumbuki! Mkaguzi alipita, ndiyo, lakini kwa mvua ile angeona nini? Na kesho dhoruba. Panga likichomoka, tishari linapinduka na tagi inakwenda nalo. Troels yumo.

Nimempigia Preben. Akafoka: "We Solvej, una wazimu? Unajua kurudisha tishari ni kazi gani?" Nikamwambia mdogo wangu yumo. Kisha akasema haya, napiga simu tagini.

Wanageuza. Viazi vimeungua.

Jumatano, 15 Oktoba
Wamewahi kufika kabla ya upepo. Nimepanda na tochi. Kishikizo kimekamilika! Mshono wangu mwenyewe, mzima, safi. Nimelia na kucheka papo hapo. Aibu, lakini afadhali aibu.

Gati zima limenicheka. Hapa kwetu aliyeboronga ndiye anayeleta keki, hakuna kujitetea. Preben ndiye kinara: "Keki, Solvej! Na krimu usiibanie!" Troels akadakia, "Dada, mimi vipande viwili. Cha pili fidia ya usumbufu." Mle mvimbiwe!

Dhoruba imeingia mchana. Inang'oa vigae.

Alhamisi, 16 Oktoba
Upepo bado. Nahodha wa tagi kasema kwa mawimbi haya, huko nje hata yeye asingependa kuwepo. Nimefurahi mno. Troels anakoroma kwenye kochi langu, soksi zinanuka dizeli — na mimi naivuta harufu hiyo kama manukato. Ningempoteza, ningemwambia mama nini?

Keki iko kwenye oveni. Nimewapigia wenzangu kuwaambia naileta saa ya kahawa. Wamesema Preben hajaonekana chumba cha kahawa tangu asubuhi. Yuko kwenye tishari peke yake, upande wa kulia, upande wake, na mashine ya kuchomelea. Kwenye upepo huu? Ana nini?

Keki imeshaiva. Kengele ya mlango. Nimechungulia: Preben, amelowa chapachapa. Ameshika boksi la keki kwa mikono miwili.

Lakini keki naleta mimi!

Ameniona dirishani. Hacheki. Anatazama viatu vya Troels hapo barazani, anavitazama tu, habonyezi kengele tena.

Troels bado anakoroma. Naenda kufungua.